Begi Moja la Watu Wawili

Kila mtu hapa kwetu anaijua habari ya begi la Dereva, na kila mtu anaisimulia kwa kucheka. Wakishamaliza kucheka wanamlaumu mwanamke. Wanasema amenuna bila sababu, wanasema hana shukrani, wanasema wangepata wao nafasi kama ile wangekwenda hata kwa kutambaa. Sasa naisimulia mimi, niliyekuwepo kuanzia mwanzo mpaka mwisho, na asiyetaka kusikia azibe masikio.

Nyumba zetu ni safu moja ya vyumba, baraza moja, bomba moja, na kuta nyembamba kiasi kwamba jirani akipiga chafya unamwombea afya ukiwa kitandani kwako. Mimi nasuka nywele hapo barazani. Mlango unaofuata ni wa shoga yangu, tunayemwita Bi Pasi. Jina limetokana na kazi: anapiga pasi kwenye duka la dobi, na amesimama mbele ya meza ile tangu mwanawe wa kwanza hajaota meno. Mwana huyo sasa ana watoto wake. Mumewe tunamwita Dereva kwa kuwa hajawahi kuwa kitu kingine. Aliendesha lori la safari ndefu. Anaondoka na mzigo, anapotea wiki mbili, anarudi, analala siku mbili, anaondoka tena. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Kwa Dereva hiyo ya tatu haikufika, na jembe lilibaki kwa mwenyewe.

Katika maisha yote hayo, begi la Dereva halikupangwa na Dereva hata siku moja. Alilipanga shoga yangu, na alilipanga kama anavyopanga nguo za wateja. Fulana alizikunja kwa kuviringisha. Shati aliliwekea karatasi laini katikati ili lisijikunje kifuani. Soksi aliziingiza ndani ya viatu, sabuni ndani ya soksi kuukuu. Vidonge vyake vya presha vilikuwa na mfuko wao wa pembeni, upande ambao mkono wake wa kulia ungefika bila kutafuta. Akishamaliza analisimamisha mlangoni. Asubuhi Dereva anaamka, anakunywa chai, anasikia honi ya utingo wake, ananyakua begi, huyo. Haagi. Alikuwa na imani yake kwamba ukiaga unaichokoza safari. Na akishavuka mlango harudi nyuma, hata awe amesahau meno.

Kisha inakuja simu. Hiyo nayo ilikuwa kila safari, na mimi niliisikia kupitia ukutani mpaka nikaikariri. "Mama watoto, taulo umeliweka wapi?" "Chini kabisa, upande wa zipu." "Haya. Nikifika nitapiga." Basi. Ukiniuliza ndoa ya watu wale ilikuwa nini, nitakwambia ilikuwa hiyo. Usione vyaelea, vimeundwa: watu walimsifu Dereva kwamba hata akishuka kwenye lori baada ya siku tano kola yake imenyooka, na yeye alizipokea sifa kama vile kola hujinyoosha yenyewe.

Mwishowe umri ukafika, akastaafu. Kampuni yake ikampa zawadi, na safari hii haikuwa saa ya ukutani wala blanketi. Walimpa wiki moja kisiwani, yeye na mkewe, hoteli iliyo ufukweni, chakula juu yao, ndege juu yao. Dereva aliisoma ile barua, akaikunja, akauliza, "Kisiwani kuna barabara gani?" Hakufurahi wala hakukasirika.

Aliyefurahi ni shoga yangu. Alikuja kwangu kusukwa, na alipokaa kati ya magoti yangu nikaona mabega yake yanatetemeka. Nikadhani analia, kumbe anacheka peke yake.

"Shoga, wewe nguo za watu wanaotoka visiwani unazijua?" aliniuliza. "Mimi nazijua. Mifukoni mchanga. Kola zimeingia yale mafuta ya kujikinga na jua, manjano, hayatoki mpaka uyabembeleze. Gauni lina doa la juisi hapa tumboni, na hakuna hata mmoja anayekuja kulalamika. Mtu mwenye doa la harusini anakuja amefura. Mwenye doa la kisiwani anasema, liache tu."

"Na wewe unataka doa?"

"Mimi nataka kujua kama tunaweza kukaa."

"Kukaa wapi?"

"Kukaa tu. Mimi na yeye, mahali ambapo hawezi kuondoka. Ni kisiwa, atakwenda wapi?" Tukacheka wote. Halafu akasema kwa sauti nyingine, "Sasa amestaafu. Atakuwa hapa kila siku mpaka mmoja wetu afe. Na mimi sijui anapenda kuongea nini. Najua saizi ya shingo yake, najua dawa zake, najua soksi ipi inambana. Kuongea sijui. Nataka nianzie huko, kwenye upepo, nisije nikaanzia humu chumbani kila mtu anatazama ukuta wake. Huko nitajua kama ananiona."

Ningekuwa na akili ningemwambia mambo hayo hayajaribiwi kwa kupanda ndege. Lakini mimi nisiye na mume namfundisha nani? Nilimsuka vizuri, nywele ndogondogo, kazi ya mchana kutwa, na sikuchukua kitu.

Siku moja kabla ya safari aliniita nimsaidie kupanga. Ukweli hakuhitaji msaada, alihitaji mtu wa kumwonyesha. Kitandani alikuwa ametandaza magauni mawili aliyoyashona kwa safari hiyo, moja la maua, moja la bluu. Alikuwa amenunua mitumbani nguo ya kuogelea, ameificha ndani ya foronya.

"Utaogelea wapi wewe?" nilimwambia. "Hata beseni likijaa unalikimbia."

"Nitasimama pembeni. Maji yakifika hapa," akaonyesha magoti, "nimeshaogelea."

Dereva alikuwa ameshatoa hukumu yake: begi moja linatosha, yeye hapendi mizigo mingi. Begi lenyewe ni lile lake. Basi shoga yangu akaanza. Na angalieni alivyofanya, maana mimi niliona na nikanyamaza. Nguo zake yeye aliziweka chini kabisa. Juu yake akapanga za Dereva, ili akifungua tu akute zake, asihangaike. Ilikuwa mara yake ya kwanza kusafiri, na bado alipanga begi la mtu mwingine. Alipofika kwenye vitu vyake mkono ulikuwa unasita. Aliinua kanga, akairudisha. Aliinua kitana, akaniuliza, "Huwa mtu anabeba kitana?" Mwanamke aliyepanga mabegi zaidi ya miaka thelathini.

Dereva akaingia, akatazama, akatoka. Akarudi na spana, tochi, chupa ya chai na kamba ya kuvutia gari.

"Hivi navyo," akasema.

"Shemeji," nikamwambia, "kamba ya kuvutia gari? Huko unakwenda kuvuta nini, kisiwa?"

"Safari ni safari," akanijibu, wala hakutabasamu. "Hujui njiani utakuta nini."

"Unapanda ndege, shemeji. Ikizima huko juu utashuka uifunge kamba?"

Shoga yangu alicheka mpaka akakaa kitandani, na Dereva naye akatikisa kichwa, na kwa dakika hiyo niliwapenda wote wawili. Lakini kamba iliingia. Ili iingie, vilitoka viatu vya shoga yangu, vile vya jioni vyenye kisigino alivyopiga rangi mwenyewe. Alivitoa bila kuambiwa, akavisukuma chini ya kitanda. "Mchanga na visigino wapi na wapi," akasema. Alifunga zipu, akalisimamisha begi mlangoni, mahali pake pa siku zote.

Asubuhi ilikuwa nzuri. Shoga yangu alivaa gauni la maua, hereni, na mkoba mdogo begani wenye kitambulisho chake. Wakati Dereva anakunywa chai alikuja mlangoni kwangu kuniachia ufunguo, kama tulivyokubaliana, na kuniambia mambo ambayo tayari nilikuwa nayajua: bomba lifungwe, dirisha la nyuma lina kasoro, paka wa jirani asiruhusiwe. Alikuwa anaongea haraka kama msichana. Akanigeukia mgongo nimrekebishie kifungo cha nyuma.

Honi ikalia barabarani. Kampuni ilikuwa imemtuma kijana mmoja, dereva mwenzake, awapeleke uwanja wa ndege.

Tulimsikia Dereva akitoka. Nyayo zake nazijua. Tukasikia mlango wa gari ukifungwa. Mimi bado nahangaika na kifungo. Gari likanguruma, likaondoka.

"Wanageuza," shoga yangu akasema.

Kifungo kikaingia. Tukatoka mpaka ukingoni mwa barabara. Pale gari haligeuziwi mbele, ni kweli, linakwenda mpaka kwenye kituo cha mafuta ndipo ligeuke. Kwa hiyo tukasimama. Alikuwa ameushika mkoba kwa mikono miwili. Jirani wa mwisho alipita na ndoo akamwambia, "Safari njema!" na yeye akaitikia, "Asante, tutaonana." Magari yakapita. Kila linalotokea upande wa kituo cha mafuta shoga yangu alikuwa anasogea hatua moja mbele, kisha anarudi. Sikumtazama usoni. Nilitazama barabara na nilikuwa nimeanza kukasirika kabla hata sijajua nakasirikia nini.

Simu yake ikalia mkobani.

"Ndiye," akasema, uso ukamng'aa. Akapokea. Sauti ya Dereva ni ya lori, huhitaji kuweka spika kuisikia.

"Mama watoto, vidonge umeviweka wapi?"

Na shoga yangu, amesimama kando ya barabara na hereni zake, akajibu. Hakufikiri, mdomo ulijibu wenyewe. "Mfuko wa pembeni, mkono wa kulia."

"Haya. Nikifika nitapiga."

Ikakatwa. Alibaki ameishika sikioni. Mimi nikamnyang'anya, nikapiga. Alipopokea sikumsalimu.

"Shemeji, begi umebeba. Mke umemwachia nani?"

Nikasikia injini. Kisha nikasikia, "Ala!" Na baada ya hapo, Mungu nisamehe, nikamsikia akicheka. Yule kijana naye akacheka. "Kumbe! Nilidhani amekaa nyuma!"

"Hajakaa nyuma. Yuko hapa barabarani kama chupa tupu. Geuzeni gari."

"Aa, shemeji, kugeuza tena? Mimi nikishatoka sirudi nyuma, unanijua. Mwambie apande teksi. Muda upo, nitamsubiri pale mlangoni."

Na muda ulikuwepo, wanaomlaumu hapo wana haki. Teksi zilikuwepo. Nilimshika mkono, nikamwambia, "Twende, nakulipia, utamtukana hukohuko kisiwani." Alinitazama kama mtu anayesikiliza kitu kingine. Kisha akasema, "Mwambie aende."

"Usiwe mjinga. Nguo zako ziko humo."

"Mwambie aende, shoga."

Nikamwambia. Na akaenda! Huo ndio uungwana wa Dereva. Alipiga mara mbili tatu, hakupokelewa, akapanda ndege, kwa sababu tiketi ingepotea bure. Shoga yangu alichukua ufunguo mkononi mwangu, akaingia kwenye chumba alichokuwa amekiaga kwa wiki nzima, akabadilisha nguo, akaenda kazini. Mwenye duka alimuuliza kulikoni na likizo yake, akasema safari imeahirishwa, akawasha pasi.

Wiki ile ilikuwa ndefu. Maneno yalitembea kuliko yeye. Dereva aliwapigia watoto wao, watoto wakampigia mama. Binti yake alimwambia, "Mama, baba alidhani umekaa nyuma. Ni bahati mbaya tu. Ungepanda teksi, ungepungukiwa nini?" Kwenye bomba wakasema hivyohivyo. Alidhani yuko nyuma, masikini. Mwanamume mwenyewe ameshazeeka. Kwani kamwacha kwa ubaya? Mmoja akadiriki kusema kikulacho ki nguoni mwako, na alimaanisha eti mimi ndiye niliyemtia maneno. Nilimwaga maji yake na nikamwambia achote mengine.

Shoga yangu hakumjibu mtu. Alikuwa anarudi kazini, ananisalimu, anaingia. Nguo zake nzuri zilikuwa kisiwani, na lile gauni la maua hakuligusa tena, kwa hiyo alizunguka na sketi moja na blauzi yenye mwanya kwapani. Simu za Dereva ziliendelea, "Mama watoto, kaptula iko wapi?" na mbili za kwanza alijibu. Ya tatu alinipa simu yenyewe nikae nayo. Dereva alipopiga nikamwambia aliyekupangia begi hayupo, pekua. Nadhani alipekua.

Alirudi mchana, nikiwa namsuka mteja. Amechomwa na jua mpaka pua inabanduka, kichwani kofia ya majani waliyompa hotelini. Shoga yangu alikuwa amekaa kwenye kigoda pembeni yangu, ndiyo kwanza ametoka kazini. Dereva aliliweka begi miguuni pake.

"Hamjambo," akasema. "Shemeji, habari za siku."

Nikaitikia kwa pua. Yeye akavuta kiti, akakaa, na kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu alikuwa na maneno mengi. Alieleza chumba, alieleza kitanda kilivyokuwa kipana, alieleza wahudumu walivyokuwa wakiweka sahani mbili kila jioni na kuondoa moja. "Umeniaibisha, mama watoto," akasema. Hakusema kwa ukali, alisema kwa huzuni ya kweli. "Kila mtu pale alikuwa na wake. Wananiuliza, mke yuko wapi? Niseme nini? Nilikuwa nakaa chumbani. Sijawahi kukaa peke yangu hivyo."

Nilitaka kumuuliza mkewe amekaa peke yake miaka mingapi, lakini shoga yangu aliniwahi.

"Nikuulize kitu," alimwambia.

"Uliza."

"Ulisema ulidhani nimekaa nyuma."

"Haki ya Mungu. Kijana yule ni shahidi. Mimi niliingia mbele nikajua wewe uko nyuma."

"Sasa ile simu ya vidonge. Kama nilikuwa nimekaa nyuma yako, ulimpigia nani?"

Mikono yangu ilisimama kichwani mwa mteja. Kumbe wiki nzima, kwenye pasi, kwenye bomba, alikuwa ameshikilia swali hilo na hakuna kati yetu wajuaji aliyeliwaza.

Dereva alifikiri. Namheshimu kwa hilo, mwingine angekuja juu na kuuliza unanihoji kama polisi. Alifikiri kwa bidii, macho yameelekea sakafuni, na mimi niliona anatafuta kweli na hataki kudanganya. Kisha uso ukamkunjuka.

"Si nilikupigia wewe," akasema. "Nilipiga nyumbani. Wewe si huwa uko nyumbani?"

Alisema kwa upole. Alifurahi hata, kwa kuwa jibu limepatikana na halina ubaya wowote.

Shoga yangu alimtazama, akamtazama tena. "Kweli," akasema. "Huwa niko nyumbani."

Akaliinua begi, akaingia nalo ndani. Tukasikia zipu, na baada ya hapo mlio wa nguo zinazotolewa moja moja. Yeye hakulia. Nililia mimi, machozi yakamdondokea mteja shingoni, akadhani ni mafuta. Dereva alivua kofia yake, akanisogelea.

"Shemeji," akaninong'oneza, "kwani nimesema nini?"

Nilikuwa na matusi tu ya kumjibu. Nikamgeuza mteja kichwa, nikaendelea kusuka.